Vitufe vya Baba

Jumatatu, 6 Januari

Uji umeungua tena. Niliuacha jikoni nikarudi kwenye kompyuta kidogo tu. Baba kaunywa hivyo hivyo. Angekuwa na ulimi wake angesema neno. Sasa ananitazama tu.

Kumwogesha. Kumbadilisha nguo. Kumnyoosha mkono wa kulia kama nesi wa mazoezi alivyonifundisha. Mkono mzito, kama wa mtu aliyelala fofofo. Kisha nikafungua duka. Duka ni chumba cha mbele, Baba yuko chumba cha nyuma, katikati pazia. Mtu akija kuchapishiwa barua ya kuomba kazi, Baba anasikia kila kitu.

Kiharusi kilimkamata kwake kisiwani. Kaka yangu Athumani akamleta kwa boti hadi Nyamisati, kisha kwa gari hadi hospitali, kisha hapa Kibiti kwangu. Tangu siku hiyo Baba hajasema neno. Anaelewa, hilo nina hakika nalo. Nikimtajia mizinga yake ya nyuki macho yanachangamka. Ila maneno hayatoki, na kichwa chenyewe kinamsaliti: anaitikia kumbe hataki, anatikisa kumbe anataka. Nesi anasema hutokea. Tusikiamini kichwa.

Karatasi ya picha niliyoibandika ukutani haifai. Kidole kinatetemeka, sijui kinaonyesha maji au chakula. Jana tulikosana kwa ajili ya kikombe.

Nimeamua. Kazi yangu ni kutengeneza programu za watu. Duka la dawa wanayo yangu, mashine ya kukoboa mpunga wanayo yangu. Nitamtengenezea na baba yangu. Dirisha moja, vitufe vikubwa. Akigusa, kompyuta inasema.

Jumatano, 8 Januari

Fundi mwenzangu kaniazima kompyuta ya skrini ya kugusa, ile pana, ya kipande kimoja. Nimeiweka mezani mbele ya kiti cha Baba.

Aibu. Vitufe vyangu vyote vimejikunyata kwenye kona ya juu kushoto, vidogo kama kunguni. Ni uvivu wangu. Kwenye laptopu niliviweka kwa namba: wewe kaa hapa, wewe kaa pale, upana huu, kimo hiki. Kwa skrini yangu vilipendeza. Skrini ilipobadilika namba zikabaki zile zile, na sehemu kubwa ya dirisha ikabaki jangwa.

Nimefuta namba zote. Dirisha linahitaji mpangaji. Si mtu, ni sehemu ya programu inayogawa nafasi. Humwambii kitufe akae wapi. Unamwambia mpangaji nani jirani ya nani, nani anyooshwe, nani abaki na umbo lake. Dirisha likipanuka anawagawia upya, likibanwa anawabana. Wapo wa aina nyingi. Yupo anayegawa vyumba sawasawa kama nyumba ya kupangisha. Yupo anayeweka vitu kwa mstari kama maneno ya ukurasani, mstari ukijaa anashuka chini. Yupo anayekata dirisha kwa pande: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, na katikati anapewa kilichobaki.

Nimechukua wa mistari kwa vitufe sita vya juu. Maji, Chakula, Choo. Chini yake Maumivu, Nigeuze, Swala. Kusini nikatenga sehemu ya Ndiyo na Hapana peke yao. Ndiyo magharibi, Hapana mashariki, na katikati nafasi tupu inayovutika kama mpira. Mkono wa Baba unatetemeka. Sitaki aguse hiki akikusudia kile. Kwa hiyo nimevisukuma mbali kabisa, kila kimoja ukingoni mwake.

Nimejisifu kwa hilo. Hakuna mwingine wa kunisifu.

Alhamisi, 9 Januari

Sauti nimerekodi yangu mwenyewe. Nilitaka ya Athumani, maana inafanana na ya Baba, lakini yuko shambani kwake, kijiji cha Mkongo, na simu yake inapatikana akipenda.

Nikasimama nyuma ya kiti nikamsomea Baba vitufe kimoja kimoja. Akasikiliza kama anasomewa hukumu.

Adhuhuri akagusa Maji. Sauti yangu ikatoka kwenye spika: "Naomba maji." Nikakimbia kama nimeitwa na sultani. Akanywa. Akagusa tena. Hakuwa na kiu. Alikuwa anafurahi tu.

Nimelia jikoni. Kilio kizuri.

Jumapili, 12 Januari

Athumani kaja na kuku na maneno.

Kaka yangu si mtu mbaya. Niliandike hilo kwanza. Mizinga ya Baba imetundikwa kwenye miti ya michu, ndani kabisa ya mikoko, mahali hufiki bila mtumbwi. Watu wameanza kuipakua asali. Nyumba inavuja. Athumani ana mke, watoto na shamba Mkongo. Mimi niko hapa. Kisiwani kabaki Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, na magoti yake hayampandishi kwenye mtumbwi. Sasa kuna mtu anataka kununua vyote, mizinga, mtumbwi na nyumba. Mtu mzuri, anasema Athumani. Anajua nyuki.

Tukakubaliana Baba aulizwe. Mali ni yake, na sasa ana mdomo.

Athumani akachuchumaa mbele ya kiti. "Baba, tumwachie yule bwana mizinga na nyumba? Wewe ukae huku kwa Saada?"

Baba alikaa sana. Akainua mkono wa kushoto. Ndiyo.

Athumani akashusha pumzi. Na mimi pia, sifichi. Nimefurahi. Tangu niachwe, nyumba hii ilikuwa ya watu wanaoingia kuchapisha na kuondoka. Sasa kuna mtu anakohoa chumbani. Nimemzoea. Hospitali ipo karibu, nesi anakuja, barabara ya lami ipo hapo mlangoni. Kisiwani kuna nini?

Baba akagusa tena. Ndiyo. Tena. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Athumani akacheka. "Mzee kashakata shauri."

Jumanne, 14 Januari

Kajichafulia tena. Kitufe cha Choo kipo, kikubwa, cha bluu. Maji anagusa, Chakula anagusa, Maumivu anagusa kila ninapomnyoosha mkono. Choo hagusi. Nimempigia kelele. Mtu wa makamo nampigia kelele baba yangu mzazi kwa sababu ya shuka. Mteja mbele kasikia, kajifanya anasoma simu.

Na Swala hajakigusa hata mara moja. Huyu ndiye aliyekuwa anatuvuta miguu kitandani alfajiri. Wakati ukifika mimi mwenyewe namtawadhisha, na anaswali kwa macho, nayaona yanavyokwenda. Kuomba haombi. Nadhani moyo wake umekatika.

Sahani anarudisha nusu. Leo wali na samaki. Kala wali, samaki kaacha. Samaki! Nikamnyooshea kidole, akanitazama kama simwambii kitu.

Machozi yanamtoka bila sababu. Nikampigia nesi simu, akasema kiharusi huleta machozi, mgonjwa hajizuii. Nimelipokea jibu hilo kwa sababu ni jepesi.

Ijumaa, 17 Januari

Athumani kapiga. Yule mnunuzi atakuja Jumapili ya wiki ijayo, watakwenda naye kisiwani, wamalizane mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Baada ya swala ya Ijumaa nikamuuliza Baba tena, mimi na yeye tu. "Baba, una hakika? Nyumba iende?"

Ndiyo. Akageuza uso ukutani.

Mtu aliyekubali jambo hageuzi uso ukutani. Hilo limenipitia kichwani nikalisukuma. Nikarudi kwenye programu, kwa sababu huko najua la kufanya. Labda maandishi hayaoni vizuri. Nimeongeza ukubwa wa herufi. Nimeongeza nafasi kati ya vitufe. Hapana nimekipaka nyekundu, nikakinenepesha, nikamwambia mpangaji asikipunguze kamwe hata dirisha likibanwa.

Kinang'aa pale ukingoni kama taa ya breki.

Jumamosi, 18 Januari

Mvua. Baba hakugusa kitu siku nzima.

Jumatatu, 20 Januari

Niandike kwa utaratibu, nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi nikawasha kompyuta ya Baba na kufungua programu haraka, mteja ananiita mbele. Nikasahau kulipanua dirisha lijaze skrini. Likabaki dogo, jembamba, upande wa kushoto. Mpangaji akafanya kazi yake. Mistari ilikuwa ya vitufe vitatu vitatu, dirisha jembamba halitoshi vitatu, akavishusha viwe viwili viwili. Maji na Chakula juu. Choo kikashuka kikaanza mstari wa pili, kushoto.

Niko mbele nakata karatasi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe nyuma ya pazia: "Nataka kwenda choo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Ikasema tena.

Nikampeleka. Kafika mkavu. Tukarudi, nikamkalisha, na kabla sijaondoa mkono begani mwake akagusa Swala. Ilikuwa kweli adhuhuri imeingia, msikitini walikuwa wanaadhini. Mtu ambaye nilisema moyo wake umekatika.

Nikasimama pale. Nikalivuta dirisha kwa ukingo wake, taratibu, likapanuka. Vitufe vikarudi vitatu vitatu. Choo na Swala vikahamia kulia. Baba akawa anavitafuta. Macho yakaenda mpaka katikati yakasimama, kama mtu aliyefika ukingo wa mto. Yakarudi. Nikalipunguza, vikarudi kushoto, akagusa Choo papo hapo, na akanikazia macho. Alikuwa ananiuliza nacheza mchezo gani.

Nikainua kidole changu upande wake wa kulia nikakichezesha. Hakuna kitu. Nikakisogeza polepole mbele ya uso. Kilipopita pua akakirukia kwa macho, kama kimezaliwa pale.

Upande wa kulia hauoni. Samaki walikuwa upande wa kulia wa sahani.

Halafu nikaona nilichokuwa nimekifanya. Ndiyo magharibi. Hapana mashariki, ukingoni kabisa, na mpira wa nafasi tupu unaikimbiza zaidi. Baba hajawahi kuwa na Hapana. Tulimpa mdomo wenye neno moja. Siku ile aliyogonga ndiyo, ndiyo, ndiyo mpaka meza ikatikisika, hakuwa amekata shauri. Alikuwa anagonga mlango.

Na hapo dirisha lilikuwa bado dogo. Ndiyo na Hapana vyote vilikuwa mbele yake, jirani. Baba alishaiona ile nyekundu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unainuka.

Nikaizima kompyuta.

Ndiyo, niliizima. Nikamwambia imeharibika.

Jumanne, 21 Januari

Kompyuta nimeifunika kanga. Baba hata haitazami. Ananitazama mimi.

Nimempigia Athumani. Nikamweleza yote. Nyuma yake kuku wanalia.

"Sasa unataka nini, Saada? Nimeshampa mtu neno langu."

"Tumuulize upya."

"Akisema hataki? Utampeleka wewe kisiwani? Ukamlaze wapi? Nani atamgeuza?"

Kaka akalainisha sauti. Akasema tuache kama yalivyo, Baba kashatulia, na hata akisema hapana hatutaweza kuitimiza, kwa hiyo kumuuliza ni kumtesa bure. Maneno yenye akili. Nilitaka kuyashika kwa mikono miwili.

Nimeshinda nikijiambia kwamba ni suala la kitaalamu. Kasoro ya mpangilio, itarekebishwa, siku moja nitamuuliza. Uongo. Kurekebisha ni kazi ndogo sana. Naogopa jibu. Akisema anataka kuondoka, nitabaki na pazia na chumba cha nyuma.

Jumatano, 22 Januari

Nesi kaja asubuhi. Kamjaribu kwa kalamu yake, kathibitisha. Anasema jicho halina tatizo, ni ubongo, ndio uliopoteza upande ule. Na mwenyewe hajui kwamba kuna kitu hakioni. Kwake dunia inaishia pale, basi. Kaniambia nikimpa kitu nikipeleke kushoto, na hata nikizungumza naye nikae kushoto. Miezi yote hii nimekuwa nakaa kulia, upande wa mkono mgonjwa, nikidhani nauhurumia.

Alipoondoka nikafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Nikampigia Shangazi Mwanaidi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaka yangu kafa?"

"Hapana, Shangazi. Nataka kukuuliza. Baba akitaka kurudi huko, ingewezekana?"

"Loo. Ndiyo kwanza mnaniuliza. Nilisikia kwa watu kwamba nyumba inauzwa. Mimi magoti mabovu, Saada, mikono mizima. Marehemu mume wangu alilala kitandani miaka, nani alikuwa anamgeuza? Na vijana wa hapa wote kawafundisha yeye nyuki. Wa kumbeba hawakosekani."

Anakuja kesho, vijana watambeba hadi kwenye boti. Nimemwambia Athumani naye aje. Hakusema atakuja.

Kisha nikakaa na dirisha. Nimevunja kila kitu. Hakuna tena magharibi na mashariki. Nimemchukua mpangaji wa safu moja, kitu juu ya kitu, na safu yote nimeifunga upande wa kushoto. Upande wa kulia nimeuacha mtupu, na nimemwambia mpangaji nafasi yoyote ya ziada iende huko huko, isije ikasukuma kitufe hata kimoja. Ndiyo na Hapana nimeviweka juu kabisa. Ndiyo juu, Hapana chini yake, upana ule ule, kimo kile kile. Wekundu nimeuondoa. Nisimwogopeshe na neno lake.

Dirisha baya. Limeelemea upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Mteja akiniletea hili nitamcheka.

Alhamisi, 23 Januari

Wamekuja wote wawili, Shangazi mapema, Athumani mchana, uso umefungwa.

Nikaondoa kanga. Nikakaa kushoto kwa Baba. Kwanza nikamjaribu, ili Athumani aone kwa macho yake.

"Baba, wewe unaitwa Athumani?"

Akatazama safu. Kidole kikashuka. "Hapana," ikasema kompyuta, kwa sauti yangu.

Baba mwenyewe alishtuka. Akagusa tena: Hapana. Akatazama kidole chake. Akagusa tena na tena, na mdomo wake uliopinda ukacheka, na machozi yakamtoka, na safari hii sikuhitaji nesi kunieleza.

Shangazi akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kaka, umechelewa sana kuanza kukataa."

Nikamuuliza. Nilitaka niulize mimi, si Athumani.

"Baba, nyumba na mizinga viuzwe?"

Hapana.

"Unataka kukaa hapa kwangu?"

Hakugusa haraka. Akanitazama kwanza. Kisha, taratibu, kama anayeweka yai: Hapana.

Nilijua. Bado iliniingia. Sauti yangu mwenyewe ikinikataa ndani ya nyumba yangu.

Athumani akasogea. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na hofu. "Baba, kule zahanati ndogo. Ukizidiwa maji yakiwa yamekupwa, boti haitoki. Utakufa njiani. Unaelewa hilo?"

Ndiyo.

"Na bado unataka?"

Ndiyo. Mara moja tu. Hakugonga.

Athumani akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kando ya barabara, malori yanampita, mikono kichwani. Aliporudi alikuwa ameshampigia yule mnunuzi. Kasema yule bwana kamtukana kidogo halafu akamwombea mgonjwa dua.

Ijumaa, 24 Januari

Nina hasira na Baba. Naandika kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Nimemlisha, nimemsafisha, nimefunga duka siku za kazi, na anataka Shangazi na matope. Nimemtengenezea mdomo akautumia kuniacha.

Jioni nikampelekea chakula. Sahani nikaigeuza ili samaki wakae kushoto. Kamaliza. Nikaizungusha nusu duara, wali uliokuwa kulia ukatokea, akamaliza na wali. Akagusa Ndiyo, bila kuulizwa chochote.

Hasira imepungua. Haijaisha.

Jumapili, 26 Januari

Kompyuta ile kubwa haiwezi kwenda. Shangazi ana sola moja ya taa na simu. Fundi mwenzangu kaniuzia kilaptopu cha kugusa, kidogo, betri inadumu, na ile kubwa nimemrudishia.

Nilihamishia programu huku nikiwa na wasiwasi. Skrini nusu ya ile. Nikafungua. Mpangaji akaikunja safu, vitufe vikapungua kimo vyote kwa pamoja, hakuna kilichoangukia nje. Sikugusa hata namba moja.

Nimekaa nikilitazama dirisha lile. Shuleni walitufundisha mpangilio mzuri ni ule uliosawazika, kushoto na kulia vikilingana kwenye mizani. Hakuna aliyetuambia tuulize kwanza anayetazama anaona wapi. Mpangaji hatendi dhambi. Anagawa kama alivyoambiwa, kwa skrini aliyopewa. Haki yake inaishia kwenye kioo. Baada ya kioo ni kazi yangu.

Shangazi kwa simu kaomba kitufe kimoja zaidi: "Mwanaidi, nyamaza." Anasema kaka yake amekihitaji tangu utotoni. Nimekiweka.

Jumapili, 2 Februari

Tumefika.

Athumani alikodi gari hadi Nyamisati na boti kutoka pale. Baba tulimlaza juu ya godoro. Mikoko ilipoanza kutubana pande zote akaanza kutoa sauti. Si maneno. Sauti tu, kama mtu anayefuatisha wimbo asioujua vizuri. Nahodha akapunguza injini.

Tulikuta maji yamekupwa. Kutoka boti hadi nchi kavu ni matope ya magoti. Vijana walikuwa wanangoja ukingoni na kitanda cha kamba. Athumani akawapungia mkono wakae. Akaivua suruali akabaki na bukta, akainama, akasema, "Nipandishieni mgongoni." Akamvusha Baba peke yake, hatua kwa hatua, miguu inanyonywa na tope. Mimi nyuma na kilaptopu kichwani kama mtungi.

Alipomshusha barazani Athumani alikuwa analia, akasema ni jasho.

Jumatatu, 3 Februari

Vijana wamekwenda kuangalia mizinga. Iliyoibiwa ni michache. Mingine ina nyuki. Wamemletea Baba kipande cha sega. Shangazi kamlambisha kwa kidole. Kafumba macho.

Mimi nimekipanga chumba. Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa kushoto, yaani Baba angelala akitazama udongo usiku na mchana, na mlango na watu wote wawe upande usiokuwepo. Nikakigeuza. Maji, kilaptopu, kiti cha mgeni, vyote kushoto. Kulia nimeacha ukuta ufanye kazi yake. Shangazi alisimama mlangoni akanitazama nikivuta na kusukuma.

"Kitanda kimekaa ovyo," akasema.

"Kimekaa ovyo, Shangazi. Usikisogeze."

"Sikisogezi."

Jumanne, 4 Februari

Boti yangu inaondoka maji yakijaa, mchana. Duka linangoja. Yule wa mashine ya kukoboa kanitumia ujumbe, ripoti yake inakata majina marefu.

Asubuhi tumemtoa Baba barazani. Kiti tumekiweka ubavu wa kulia ukigusa ukuta, njia yote ya kijiji iwe upande wake wa kushoto. Kapakwa mafuta, kavishwa kofia. Kilaptopu kipo karibu, kimezimwa, hajakitaka.

Watu wanakwenda kisimani, wengine wanarudi na kamba kwenye ndoo. Kila apitaye anasimama. Shikamoo mzee, umerudi. Mzee karibu nyumbani. Baba anawajibu kwa kuinua mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, yeye aliyetuchapa utotoni kwa kupokea kitu kwa kushoto.

Wanaupokea kwa mikono miwili, wanaubusu, wanaendelea na safari.

Nimekaa kwenye kizingiti hadi Athumani akaniita kwamba maji yamefika.